Msemaji Akikutazama

Vijana wa kundi letu la mafundi sauti wameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sele, niliyemwachia fremu yangu ya duka pale Gerezani, ndiye aliyekazana zaidi. Kaniambia, "Mzee Daudi, andika hata kwenye daftari la shule, mimi nitapiga picha niwarushie wenzangu kwenye simu." Haya, nimeandika. Msitafute humu habari za kupata tenda wala za nani alinilipa nini, hayo mnayajua kunizidi. Na anayetaka cha kumfurahisha aishie kurasa mbili za mwanzo, maana huko mbele hakuna furaha.

Nilikuja Dar kutoka Masasi nikiwa na miaka ishirini na moja. Mjomba wangu alikuwa kuli bandarini, akataka nami niwe kuli. Nilibeba magunia siku nne. Ya tano sikuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Mjomba akanicheka mpaka akakohoa, kisha akanipeleka Kariakoo kwa rafiki yake, Mzee Kibwana, Mzaramo mmoja mwembamba aliyekuwa akitengeneza amplifaya na spika za honi kwenye baraza ya nyumba ya urithi.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Unasikia vizuri?"

"Nasikia."

"Kila mtu anasema anasikia. Kaa hapo."

Akawasha amplifaya isiyochomekwa kitu, wala maiki wala redio, akafungua sauti mpaka mwisho. Akaniuliza nasikia nini. Nikasema hamna kitu. Akasema, basi kaa mpaka usikie, akaendelea na kazi zake. Nilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri. Watu wanapita na mizigo kichwani, wauza mitumba wanaita wateja, na mimi sikio nimelibandika kwenye spika nzima kama mwehu. Mwishowe nikasikia. Nyinyi mnajua ninachosema. Amplifaya nzima, hata isipozungumza mtu, ina kasauti, kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili.

"Sasa umeanza kazi," akasema.

Mzee Kibwana alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kufungua. Anawasha mashine tupu, anakaa, anainamisha kichwa, anasikiliza kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Nikadhani anaipima. Baada ya mwaka hivi nikamuuliza kwa nini kila siku anapima mashine ileile ambayo haijaumwa hata mafua.

"Sipimi. Nasikiliza tu."

"Unasikiliza nini, mzee?"

"Ningekuwa najua ningeshaacha."

Vifaa vyetu vilikuwa testa moja ya mshale, pasi ya kuyeyushia risasi, koleo, utepe mweusi, na ngazi ya mbao iliyopungua vidato viwili. Kwa ngazi ile tulipanda minara ya misikiti na mapaa ya makanisa, Kariakoo, Ilala mpaka Magomeni. Mzee alikuwa Mwislamu wa swala tano, ila kwenye kazi hakubagua. Alikuwa akisema umeme hauulizi mtu dini. Mimi naweza kuongeza kwamba hata njiwa hawaulizi, kwani kinyesi nilichokikwangua kwenye honi za kila upande ni kilekile. Siku hizi mna spika za Bluetooth, na juzi nimesikia kanisa moja limeungana na simu ya jirani, muziki wa singeli ukalia katikati ya ungamo. Sisi waya zetu zilikuwa mbaya lakini zilijua zinakwenda wapi.

Amri zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: fundi ana masikio, hana mdomo. Wewe ndiye unayevaa hedfoni. Utasikia baba wa bibi harusi anatukana akidhani maiki imezimwa. Utasikia mheshimiwa anaulizia jina la mtaa anaodai kuupenda toka utotoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haipiti barabarani ikisimulia.

Ya pili: msemaji akikutazama, ongeza. Hii niliipata kwa kofi. Tulikuwa kwenye harusi, mshereheshaji akanitazama kutoka jukwaani, nami mjinga nikatabasamu. Mzee akanipiga kofi la shingo. "Hakutazami kwa kuwa wewe mzuri. Anakutazama kwa sababu hajisikii. Ongeza!" Nikaongeza, mshereheshaji akainua dole gumba. Toka siku ile mkono wangu ulijifunza wenyewe. Mtu akinigeuzia macho kutoka jukwaani, sauti imeshapanda kabla sijafikiri. Nililipenda sana jambo hilo. Nilijiona mjuzi.

Nilioa nikiwa na fremu yangu mwenyewe. Agnesi alikuwa wa kwao Moshi, kaka yake ana duka la vitenge Kariakoo, na mahari ile sitaieleza kwa sababu nimeahidi kutosema habari za fedha. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Alipokuwa na mimba ya Neema, mtoto wetu wa pekee, akapata presha, na baada ya kujifungua haikuondoka. Boksi la vidonge lilikaa juu ya friji. Kila asubuhi, kidonge kimoja na chai ya kwanza, miaka ishirini na kitu, bila kukosa. Mimi ndiye niliyekuwa naliangalia boksi likikaribia kwisha, napitia duka la dawa kabla ya kurudi nyumbani.

"Wewe Baba Neema," alikuwa akinitania, "kanisani unaenda kuangalia waya."

Alikuwa anasema kweli, ila si yote. Mimi nililelewa katika imani. Baba yangu alipiga kengele ya kanisa kijijini kwetu mpaka alipokufa. Niliamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha, bila kuifikiria.

Kanisa letu lilikuwa kwenye jengo lililokuwa ghala zamani, upande wa Jangwani. Mchungaji wake alikuwa Obadia, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Na nisieleweke vibaya, hakuwa tapeli. Matapeli nimewafungia spika wengi, nawajua kwa namna wanavyoishika maiki. Obadia alitembelea wagonjwa kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa vya kuhurumiwa.

Basi zikaja zile maiki ndogo zisizo na waya, za kubana kwenye kola, na kiboksi chake cha kiunoni chenye kitaa cha kuonyesha kwamba inarusha sauti. Nilikuwa namvalisha Mchungaji mapema, kisha yeye anaingia chumba cha nyuma kuomba kabla ya ibada. Kwenye spika nilikuwa nimemzima. Kwenye hedfoni zangu nilimwacha wazi, maana ndivyo tunavyofanya ili betri ikilegea ujue mapema.

Jumapili ya kwanza nikasikia, "Nimekauka." Nikadhani anataka maji. Akaendelea. "Nimekauka, Baba. Mwaka wa pili huu nakuita, hujibu. Watu wamejaa hapo nje. Niwape nini? Niambie hata neno moja, niwape nini?" Akangoja. Nikasikia anapenga kamasi. Kisha mlango, kisha hatua, kisha akatokea mbele anang'aa, "Bwana asifiwe!" Nami nikampandisha, ghala zima likaitika.

Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Mke wangu yuko kwenye kwaya anaimba amefumba macho, na mimi nyuma kule najua kwamba anayetuongoza amekaa nusu saa anagonga mlango usiofunguliwa. Sikumwambia mtu. Sikumwambia Agnesi. Amri ya kwanza. Lakini imani yangu nayo ikaanza kuvuja taratibu, maana nilikuwa nimeiegemeza kwa mtu yule bila kujua. Nikawa naenda kanisani kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Ukaja mkutano wa uponyaji, wiki nzima, uwanjani. Siku ya nne, alasiri, nimekaa kwenye mikisa, ile meza ya kurekebishia sauti, hema langu liko nyuma kabisa ya watu. Kwenye hedfoni namsikia Mchungaji nyuma ya jukwaa. Siku hiyo hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekasirika na ndugu yake: "Leo nitasema tu. Nitasema neno kubwa mbele za watu, uone aibu, ujibu."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu haya mawili. Nikanywa maji.

Akapanda. Akasema kuna mama hapa ameteswa na presha miaka mingi, amekuwa mtumwa wa vidonge, asimame. Nikamwona Agnesi anasimama. Akapita katikati ya watu na gauni lake la kwaya, akasimama mbele ya jukwaa. Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akamuuliza anaamini? Akasema naamini. Nilimsikia kupitia maiki ya Mchungaji, sauti yake ndogo, ileile ya nyumbani.

Hapo Mchungaji akainua uso na kunitazama mimi. Juu ya vichwa vya watu wote wale, akanikazia macho. Alinitazama muda mrefu, mpaka baadhi ya watu wakageuka kuona anatazama nini.

Mkono wangu ukajua kazi yake. Nikaongeza sauti. Nikamtilia na eko, ule mwangwi unaofanya neno lijirudie. Na Mchungaji akafumba macho, akapaza sauti, "Umepona! Vidonge vile kavitupe!" na kavitupe, kavitupe, kavitupe ikaenda mpaka Magomeni.

Nyumbani alilitupa boksi kwenye ndoo ya taka, chini ya maganda ya ndizi. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Mama Neema, si ungeendelea kidogo, angalau mpaka ukapimwe?"

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. "Kwani wewe huamini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ningemwambia, mke wangu, yule bwana mwenyewe haamini, nimemsikia leo kabla hajapanda, nimemsikia miaka. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikafikiria kwamba nikiisema, namnyang'anya kanisa, kwaya, mchungaji na hiyo furaha vyote kwa mpigo, na kwamba mimi ni fundi, ya kwenye hedfoni hayatoki. Na labda, ndani kabisa, nilitaka iwe kweli.

"Naamini," nikasema.

Alipotoka nililitoa boksi kwenye taka, nikalifuta, nikaliweka kwenye sanduku la vifaa chini ya testa. Nikasema kesho nitamwambia. Hiyo kesho ilichukua wiki tano. Asubuhi moja anamimina chai, kikombe kikalala mkononi, mdomo ukaenda upande, akaniita jina langu na jina halikutoka vizuri. Tulikaa hospitali siku tatu. Daktari aliuliza dawa aliacha lini. Neema, wakati huo mtu mzima ana mtoto wake, akanigeukia akingoja nijibu. Nikasema sijui.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu hakuchelewa, alikuja tukiwa bado wodini, na hajaondoka.

Mazishini Mchungaji Obadia alihubiri kwa spika zangu. Nilikataa kumwachia mtu mwingine kazi ile, sijui kwa nini. Katikati sauti ikamkatika. Akanitazama. Nikaongeza.

Baada ya arobaini niliacha kanisa. Wazee walikuja nyumbani, nikawaambia spika zitakuja kila Jumapili na fundi wa kuziendesha atakuja, ila mimi siji. Nilijaribu kwingine, msidhani nilikaa tu. Nilikwenda na Neema kwenye kanisa la wakwe zake, nilikaa nje ya msikiti wa jirani Ijumaa kadhaa, kuna mtu akanipeleka kwa mama mmoja wa maombezi Kigamboni. Kote nilisikia spika mbovu tu. Nikiona mtu anafungua mdomo kuomba, najiuliza huko nyuma ya pazia alisema nini.

Nikaenda Magomeni kwa Mzee Kibwana. Alikuwa mzee sana, macho yameingia ukungu, kakaa kwenye kiti cha kamba. Nilimweleza yote, yeye wa kwanza, na nikamwambia kwamba nilishika alichonifundisha.

Akasema, "Nilikufundisha kufunga mdomo kwa mambo ya watu. Sikukufundisha kumfungia mdomo mkeo."

 Nikamuuliza sasa mtu kama mimi atasali vipi, kwa nani.

"Mimi nitajuaje, Daudi. Washa mashine, usikilize."

Hakuumaliza mwaka ule, na ile amplifaya yake akaniachia mimi.

Basi nikaanza. Kila asubuhi kabla ya kufungua fremu, nawasha amplifaya tupu, nafungua sauti mpaka mwisho, nakaa. Ile pumzi ipo. Sikuiita Mungu, na mpaka leo siiiti. Haijawahi kuniambia kitu. Lakini haikunidanganya, haikunitaka nisimame nishuhudie, na haikusema mke wangu amependwa zaidi huko alikokwenda. Nilikaa nayo miaka saba, wateja wakidhani napima. Hiyo ndiyo ibada niliyokuwa nayo. Kuna siku ilinitosha mpaka saa nne, kuna siku haikunitosha hata kufungua mlango.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, mchana, akaja mzee mmoja na mfuko wa rambo. Nilimtambua kwa viatu. Obadia alikuwa ameacha uchungaji siku nyingi. Anafundisha watoto masomo ya ziada Kigamboni, alikuwa amevuka na kivuko asubuhi. Kwenye mfuko mlikuwa na ile maiki ya kola na kiboksi chake. Alitaka kumpa mchungaji kijana wa huko, ila haiwaki.

Nikafungua kiboksi. Waya wa betri umekatika, kazi ya dakika tano. Nikapasha pasi moto. Na sijui ni kwa sababu nilikuwa nastaafu, nikamwambia bila kuinua kichwa, "Nilikuwa nakusikia, Mchungaji. Kule chumba cha nyuma. Miaka yote."

"Najua," akasema.

Nikainua kichwa.

"Kitaa kilikuwa kinawaka, fundi. Nilikuwa nakiona."

"Sasa mbona hukuzima?"

"Nilikuwa nimechoka kusema peke yangu." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nilisema Mungu asiposikia, fundi anasikia. Kila Jumapili nilingoja ugonge ule mlango. Uniambie chochote. Uniambie nyamaza, hata hilo."

Pasi ilikuwa inafuka moshi, sikuwa naishughulikia.

"Na siku ile ya uwanjani," akasema, "nilijua ni mkeo. Nilipomwekea mkono niliogopa. Neno lilikuwa mdomoni na mimi naogopa. Nikasema yule fundi anajua kila kitu, na huyu ni wake. Akitikisa kichwa tu, namrudisha mama akakae. Ndiyo nikakutazama."

 Nikajua linalokuja, na sikuwa na mahali pa kukimbilia.

"Ukaongeza," akasema.

Nilimalizia kuunga ule waya. Mikono hii ni hodari kuliko mwenyewe. Kitaa kikawaka. Alitaka kunishukuru, akashindwa, akaondoka kuwahi kivuko. Sikumchukia. Ningependa kumchukia, ingenisaidia. Wanaume wawili tulikuwa kwenye maiki moja, mmoja anaomba ajibiwe, mwingine anasikia kila neno, na aliyelipia ni mwanamke aliyekuwa anaimba sauti ya pili.

Kama yupo huko juu anayesikiliza, sasa nafikiri huenda naye ni fundi. Amevaa hedfoni, anasikia vyote, na kuna mtu alimfundisha kwamba fundi hana mdomo. Simsamehe. Ila namwelewa, na sijui kama kuna dini inayoweza kuanzia hapo.

Daftari hili Neema atalisoma kwanza, kabla ya Sele, kwa sababu swali la daktari bado halijajibiwa. Asipotaka kuniona tena atakuwa na haki. Nanyi vijana, nawaachia testa, ngazi mpya, na amri ya pili nimeifuta. Msemaji akikutazama, nawe mtazame usoni kwanza. Mkono uwe wa mwisho.

Amplifaya ya Mzee Kibwana nimekuja nayo nyumbani, iko juu ya friji. Bado naiwasha asubuhi, lakini siku hizi nachomeka maiki. Nasema sentensi moja, halafu naizima, naweka chai jikoni. Nasema, "Mama Neema, usitupe dawa, yule bwana nimemsikia."